Unywele Ukichungulia, Ukurasa Unaanza Upya

Siku ya kumi na tisa tangu wamzike mama yao, Munevera alisoma ukurasa mmoja wa sura ya Maida mara nne, na mara zote nne hakuufikisha mwisho.

Mara ya kwanza mtandio uliteleza nyuma ya sikio. Mara ya pili lilimjia lile joto linalowapata wanawake waliokoma hedhi, likapanda kutoka kifuani hadi utosini kama mtu amefungua mlango wa oveni. Jasho likalowesha kitambaa, akajipangusa, na katika kujipangusa unywele mmoja wa mvi ukachungulia. Mara ya tatu ikawa vilevile. Mara ya nne alikuwa amebakiza mistari miwili.

"Nywele," alisema dada yake.

Hidajeta alikuwa ameketi pale dukani kwenye kiti cha wateja, anafuma soksi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Katika Kurani nzima hakujua kusoma hata neno moja. Lakini unywele wa mdogo wake aliuona kutoka upande wa pili wa chumba, na sindano zake hazikusimama.

"Mistari miwili, dada. Nimebakiza miwili."

"Nimeona. Rudi mwanzo."

"Kwani kinachoandikwa ni mistari au ni nywele?"

"Muulize mama."

Mama alikuwa kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji wa Borås, katika nchi ya Waswidi, chini ya udongo uliobidi kuvunjwa kwa mashine kwa sababu ya barafu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Munevera akaubusu msahafu, akaufunga, akaenda bafuni kunawa uso. Aliporudi ilikuwa saa nne kasoro dakika chache, na mteja wa kwanza alikuwa mlangoni na suruali mbili za kupunguzwa. Siku hiyo hakusoma tena.

Kanuni ilikuwa ya mama yao, Rukija. Binti hafungui msahafu kichwa wazi. Soksi miguuni, sketi hadi kwenye kifundo, mikono ya nguo hadi viganjani, mtandio ufungwe chini ya kidevu. Unywele ukichungulia, ulichosoma hakikuandikwa, rudi mwanzo wa ukurasa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kanuni hiyo kaitoa wapi. Alifundishwa hivyo kijijini karibu na Sanski Most, katika nchi waliyoikimbia baadaye wakati wa vita, akawafundisha wanawe hivyo hivyo nyuma ya jiko la kuni, sindano ya kufumia mkononi, na aliyeuliza maswali alijibiwa na sindano.

Alikufa akiwa na miaka themanini na mitano, akili timamu, hospitalini, na siku tatu kabla ya kufa alisema anachotaka.

"Sitaki ile hitima ya kugawana juzuu kwa wanawake thelathini, kila mtu achukue kipande chake kama nyama ya Idi. Nataka mtoto wangu mmoja aisome yote kwa mdomo wake. Na siku ya arobaini iwe imekwisha."

Alisema mtoto mmoja, na macho yake yalikuwa kwa Munevera, kwa sababu kati ya mabinti wawili ndiye peke yake aliyejua kusoma. Munevera akasema ndiyo. Ni mwanamke ambaye hajawahi kusema ndiyo kabla ya kupima. Mwenye jengo akitaka kumwongezea kodi anaambiwa asubiri wiki. Mteja akitaka koti Alhamisi anaambiwa Jumatatu ili lipatikane Jumamosi. Kwa mama hakupima, na sasa alikuwa akiuona mzigo aliojitwisha.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja mbele na chumba kidogo nyuma ya pazia, karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa amelijenga mwenyewe baada ya miaka kumi na mmoja ya kupanga vifurushi kwenye ghala, akaanza na cherehani moja ya mtumba aliyoibeba kwenye kigari cha mtoto. Alipunguza suruali, akabadilisha zipu, akatanua magauni ya harusi ya watu walionenepa. Kila siku alikwenda kichwa wazi, kama wanawake wengi wa kwao. Mtandio ulikuwa wa sala na wa msahafu. Hata hivyo, kabati la msikiti wao lilikuwa limejaa kazi ya mikono yake: sketi ndefu ishirini na nne zenye lastiki kiunoni, za wanawake wanaofika na suruali za kubana, na mitandio iliyoshonwa tayari, ya kuvaa kama soksi. Wasichana walikuwa wakinong'onezana kwamba ukivaa sketi ya Munevera unafanana na pazia. Alisikia. Pazia, aliwajibu, halijawahi kumwaibisha mtu.

Jioni ya siku ile ya kumi na tisa alikokotoa. Alikuwa amemaliza juzuu sita. Kwa mwendo huo hitima ingekwisha siku ya tisini na tano. Asubuhi alikuwa na saa moja kabla ya kufungua duka, jioni saa moja na nusu, na katika muda huo kila ukurasa alikuwa akiununua mara tatu.

Akajaribu kumwendea Hidajeta kwa njia anayoijua.

"Tukubaliane hivi," alimwambia kesho yake. "Unywele ukitoka, narudi mwanzo wa mstari. Si ukurasa. Mstari."

"Hii si suruali ya Mswidi, Munevera, uipunguze."

"Basi mwanzo wa aya."

"Ukurasa."

"Mama alitufunga ukurasa tukiwa watoto. Mtoto hana majoto."

"Mtoto ana mambo mengine," alisema Hidajeta, akavuta uzi. Nywele zake mwenyewe, nene, za kusokotana kama sufu ya kondoo ambayo haijachanwa, alikuwa amezikata hadi masikioni tangu ujana, na mtandio wowote aliouvaa uliinuka nyuma kama unga uliotiwa hamira. "Mimi sijui kusoma. Ninachojua ni kukaa hapa nihakikishe imesomwa inavyotakiwa. Na hicho unataka kuninyang'anya?"

Munevera akarudi kwenye ufundi wake. Alishona kofia ya ndani ya pamba yenye lastiki. Ikashika nywele vizuri na kumpa maumivu ya kichwa kufika ukurasa wa pili. Akashona nyingine bila lastiki, yenye kamba. Akashona ya tatu kwa kitambaa cha nguo za kuogelea, ambacho hakitelezi, akapata vipele shingoni. Alivaa vibanio kumi na viwili. Alifungua dirisha kwenye baridi ya chini ya sifuri, akasoma huku kurasa zikipeperuka na vidole vikifa ganzi, na joto likampanda palepale kama halijaona dirisha. Siku ya ishirini na mbili alitupa kofia ya saba ukutani. Ilikuwa laini, haikutoa hata kishindo, na hilo likamkera zaidi.

Hasira yake haikuwa na wa kumwangukia. Kumkasirikia mama aliye kaburini ni kosa, kumkasirikia dada ni kelele, kuukasirikia msahafu asingethubutu. Basi aliwakasirikia wateja. Mwanamume mmoja aliyetaka suruali yake ipunguzwe sentimita mbili kisha akasema moja na nusu aliambiwa aivue, aondoke nayo, na arudi atakapojua urefu wa miguu yake.

Siku ya ishirini na tatu akaingia Belkisa na koti lililoharibika zipu.

Belkisa alikuwa bula wa msikiti wao, yaani mwanamke anayewafundisha wanawake wenzake dini na kuwasomea dua za maiti wao. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amesoma Sarajevo, na siku za kazi alisafisha meno ya watu kwenye kliniki moja mjini. Wazee walimpenda na hawakumwamini sana, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alikuwa akijibu kwa ufupi.

Munevera akageuza kibao cha mlango kionyeshe kwamba duka limefungwa. Akavuta viti viwili, akammiminia kahawa.

"Mwalimu, nina jambo. Usinijibu haraka."

"Sawa, mama."

Akamweleza yote: ahadi, arobaini, mtandio, majoto, kurasa zinazoanza upya. Belkisa alisikiliza huku akipuliza kahawa.

"Sasa sikiliza ninachotoa," alisema Munevera. Alikuwa amelipanga usiku kucha kama anayekwenda kwa mwenye jengo. "Nifunge kilemba tu, shingo na masikio viwe wazi. Kwa upungufu huo, kila juzuu nitalisha maskini mmoja. Haitoshi, wawili. Zaidi ya wawili usiniambie, mimi ni fundi cherehani."

Belkisa akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mama Munevera, unataka kununua kitu ambacho hakiuzwi."

"Kila kitu kina bei yake."

"Hakiuzwi kwa sababu ni chako tayari. Kufunika kichwa ni sharti la sala. Kusoma Kurani si sala. Uko kwako, peke yako au na dada yako, hakuna mwanamume asiye ndugu. Ukasoma kichwa wazi, umesoma. Thawabu yako iko palepale."

Munevera akaweka kikombe chini.

"Rudia."

"Kujifunika wakati wa kusoma ni adabu. Ni heshima kwa Kitabu, ni jambo zuri, anayeweza asiliache. Lakini si sharti."

"Na udhu?"

"Udhu ndiyo, ukitaka kuushika msahafu. Hapo sikupunguzii."

"Soksi?"

"Soksi ni za baridi."

"Unywele ukitoka, kurudi mwanzo wa ukurasa?"

"Hilo sijalisoma popote."

"Umesoma miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na hujalikuta popote."

"Popote, mama. Kuna jambo moja tu. Ukifika kwenye aya ya sijda, pale jifunike vizuri ndipo usujudu, maana sijda ina masharti ya sala. Ziko kumi na nne. Weka mtandio karibu, basi." Akatazama nywele za Munevera zilizokuwa wazi pale dukani, akanywa kahawa. "Na kwenda hivi barabarani ni mazungumzo mengine. Leo hujaniuliza."

"Sijakuuliza," alisema Munevera.

Alitegemea kwamba angefurahi. Mtu akiingia dukani kununua koti, akaambiwa koti hilo ni lako tangu zamani, lilikuwa linakungoja tu hapa, atafurahi kidogo. Kisha atauliza: na baridi yote ile iliyonipiga?

"Mwaka tisini na tatu," alisema, "tulipofika nchi hii, walituweka kwenye ukumbi wa michezo. Familia arobaini. Kati ya familia na familia, blanketi kwenye kamba. Nilikuwa na msahafu mdogo, wa ukubwa wa kiganja. Nilitoka nao nyumbani nimeushonea ndani ya bitana ya koti, nikapita nao mipaka mitatu. Nguo nilizopewa zilikuwa suruali za michezo. Sketi sikuwa nayo, kitambaa cha maana sikuwa nacho, maji ya kutawadha yalikuwepo. Nilikuwa na mama, na dada, na nilikuwa namngoja mume wangu ambaye hakuja. Unajua niliufungua mara ngapi?"

Belkisa aliweka kikombe mezani.

"Sikuufungua. Miezi ishirini na mbili. Niliupapasa tu kupitia bitana. Nilijua nikiufungua na ile suruali, kichwa kile, nitaongeza dhambi juu ya yale mengine. Mifupa ya mume wangu Senad waliipata baada ya miaka minane. Katika miezi ile ishirini na mbili, wakati bado nangoja, ndipo nilipouhitaji. Sasa wewe unaniambia soksi ni za baridi."

"Samahani, mama."

"Si wewe. Nani atanirudishia miezi ile?"

"Sina jibu la hilo."

"Najua huna. Lete koti."

Alishona zipu papo hapo, kwa kasi, sindano ikiuma kitambaa kama inalipiza kisasi. Alipomaliza alikataa malipo, na alikataa kwa sauti ambayo Belkisa hakuthubutu kubishana nayo.

Tangu asubuhi iliyofuata Munevera alisoma nyuma ya pazia, kichwa wazi, feni ndogo imemwelekea shingoni, miguu mitupu kwenye beseni la maji ya baridi. Mtandio mmoja aliutundika kwenye msumari kwa ajili ya aya za sijda. Joto lilipokuja aliliacha lije. Jasho lilitiririka mgongoni, naye akaendelea kusoma. Ukurasa uliokuwa ukimla robo saa ukawa wa dakika nne. Siku ya kwanza alimaliza juzuu moja na kurasa sita. Siku ya pili, juzuu na nusu. Alikuwa anasoma kwa hasira, na baada ya siku kadhaa alitambua kwamba hasira ile ina mwendo mzuri.

Hidajeta hakuambiwa. Munevera alilipima: bidhaa kwanza, maelezo baadaye. Jumapili alijifunga mtandio kama kawaida, akakaa mbele ya dada yake, akaambiwa "nywele" mara saba, akarudi mwanzo mara saba, akajilipia Jumatatu.

Siku ya thelathini na sita ilikuwa Alhamisi. Hidajeta hakuwa mtu wa kuja Alhamisi. Alikuja kwa ajili ya halua. Alitaka kujua arobaini ipikwe kilo ngapi za unga, na ufunguo wa duka alikuwa nao. Akavuta pazia.

Munevera alikuwa katika juzuu ya ishirini na saba. Kichwa wazi, mvi zimemganda usoni kwa jasho, miguu ndani ya beseni.

Hidajeta hakusema nywele. Alitazama kichwa, akatazama beseni, akatazama mtandio msumarini.

"Tangu lini?"

"Keti kwanza."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Wiki mbili kasoro siku. Nilimuuliza Belkisa. Si sharti, dada. Ni adabu tu. Nina udhu, sijda zote nimejifunika. Kisomo kinahesabika."

"Belkisa ni mtoto mdogo anayesugua meno ya watu."

"Amesoma miaka tisa."

"Mama amesoma maisha yake yote."

"Mama alifundishwa na mama yake, aliyefundishwa na mama yake. Wote watatu hawakuwahi kuuliza."

"Na mama angekubali hii?" Hidajeta alielekeza kidole kwenye beseni. "Mama, ambaye unamsomea. Angekuona hivi, angesema nini?"

Mama asingekubali. Mama angetafuta sindano.

"Hitima hii haitaombewa dua nyumbani kwangu," alisema Hidajeta. "Anza upya."

"Zimebaki siku nne."

"Ungeisoma sawasawa isingebaki siku nne."

"Ningeisoma sawasawa ningekuwa bado kwenye Maida. Dada, nielewe. Halikuwa lazima. Hata tulipokuwa watoto halikuwa lazima. Mambo yale ya ukurasa hayamo kitabuni, ni ya mama tu."

"Yamo."

"Hayamo. Belkisa hajayakuta popote."

"Lazima yawemo," alisema Hidajeta, na sauti yake ikashuka kwa namna ambayo Munevera hakuwahi kuisikia, hata mazikoni. "Wewe ulikuwa na nywele za maji. Zinalala. Mama alikufunga mtandio mara moja ukakaa hadi adhuhuri. Mimi alinifunga kwa kamba ya kufungia magunia, zikatoka. Alizipaka mafuta ya kondoo, zikatoka. Miezi mitano, Munevera. Ukurasa wa kwanza, miezi mitano. Watoto wa kijiji walikuwa wameshafika Yasini, mimi bado niko pale pale juu, na sindano vidoleni. Halafu akasema, huyu hana riziki ya kusoma, apelekwe kwa ng'ombe. Nilikuwa na miaka tisa."

Feni ilikuwa inazunguka. Munevera akatoa miguu kwenye maji.

"Sasa uniambie halikuwa lazima," alisema Hidajeta. "Niambie miaka hamsini na minne ilikuwa ya bure. Yamo, ndiyo maana. Lazima yawemo."

Akaondoka bila kuuliza habari ya unga.

Munevera alijua namna ya kujibu karibu kila kitu. Mtu akisema ghali, kuna jibu. Akisema nitarudi kesho, kuna jibu. Kwa hili alikaa tu, miguu ikidondosha maji sakafuni, na lililomkera zaidi ni kwamba alimjua aliyewawekea kanuni ile, na alikuwa amebakiza juzuu tatu na kitu za kumwombea rehema mtu huyo huyo.

Akazisoma. Alipokasirika sana aliweka kidole kwenye mstari, akashika ukingo wa meza, akangoja, akaendelea. Siku ya thelathini na tisa, saa tisa mchana, zilibaki sura fupi za mwisho tu, ambazo desturi yao ni kuziweka zisomwe mbele za watu siku yenyewe.

Arobaini ilifanyika kwa Hidajeta, ghorofa ya tatu. Wanawake kama ishirini, viatu vimejaa ngazini hadi kwa jirani, harufu ya halua ya siagi, kahawa kwenye vikombe vidogo. Mume wa Hidajeta alikuwa ametumwa kwa rafiki yake tangu asubuhi. Wote walijifunika, na Munevera naye, mtandio mweusi aliouchagua kwa kuwa ni mwepesi. Kusanyiko lina adabu yake, na hilo hakuwa na ugomvi nalo.

Dada wawili hawakuwa wamezungumza tangu Alhamisi, ila kuhusu unga.

Baada ya tasbihi, Belkisa alikunja miguu, akageuka kwa mwenye nyumba kama inavyotakiwa.

"Hidajeta, marehemu amesomewa hitima?"

Anayejibu ni mwenye nyumba, mwingine hamsemei. Munevera aliangalia mikono yake. Kama dada yake atasema hapana, basi ni hapana. Hawezi kusimama mbele ya wanawake ishirini kushindana juu ya maiti. Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja akakohoa.

"Amesomewa," alisema Hidajeta mwishowe. Alisema kama mtu anayetoa jino. "Kaisoma Munevera. Yote. Zimebaki za mwisho."

Munevera akafungua msahafu. Alianza na sura ya Dhuha, na wanawake wakawa wanaitikia kwa takbira mwisho wa kila sura. Alikuwa amefika Zilzala joto lilipompanda. Alilijua tangu tumboni. Likapita kifuani, likafika utosini, chumba kikiwa na watu ishirini na oveni ya moto, na mtandio mwepesi, kwa wepesi wake huo huo, ukaanza kurudi nyuma. Alihisi unywele ukitoka, kisha fungu zima likalala kwenye paji la uso.

Aliinua macho. Upande wa pili wa chumba Hidajeta alikuwa amemkazia macho. Midomo yake ikafunguka.

Munevera hakurudi mwanzo. Aliendelea, Adiyat, Qaria, akizitamka herufi moja moja, jasho likimwingia machoni. Hidajeta alifunga mdomo. Hakuitikia takbira ya sura ile wala ya sura iliyofuata. Ya tatu aliitikia, kwa chini, huku akitazama zulia.

Wageni waliondoka kabla ya alasiri. Belkisa alipitia jikoni kuaga, akakuta dada wawili wamesimama mbele ya sinki, mmoja anaosha, mwingine anafuta, akaaga kwa ufupi na kutoka.

"Hakuna kitabu chochote?" Hidajeta aliuliza baadaye, mikono ndani ya povu.

"Hakuna."

"Na mama hakujua."

"Hakujua."

"Nimlaumu nani?"

"Sijui," alisema Munevera. "Mimi nimetafuta siku kumi na saba sijapata."

Akafuta kikombe cha mwisho. Akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kijitabu chembamba cha herufi, kile wanachoanzia watoto wa madrasa. Alikuwa amekichukua msikitini siku ya thelathini na saba na hakujua atakitoa lini. Akakiweka mezani kati ya sahani za halua, akaufungua ukurasa wa kwanza.

"Keti."

"Una wazimu? Nina miaka sitini na mitatu."

"Sijakuuliza miaka. Keti."

"Macho yangu hayaoni."

"Unywele unauona kutoka ng'ambo ya chumba."

Hidajeta akakausha mikono polepole. Akaenda chumbani. Munevera alidhani amekwenda kulala, lakini akarudi na mtandio wake, akaufunga chini ya kidevu kwa mafundo mawili, akavuta kiti.

"Jikoni tupo wawili tu, dada. Si lazima."

"Najua si lazima. Umeshaniambia si lazima. Usiniambie tena."

Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Alisema alif. Akasema ba. Ilimchukua muda kuipata ta, na alipoinama kuitazama kwa karibu, zile nywele zikasukuma kitambaa kama zilivyokuwa zikikisukuma tangu nyuma ya lile jiko la kuni, na kishungi kimoja kikajitokeza juu ya sikio.

Kidole cha Hidajeta kikarudi chenyewe juu, kwenye alif.

"Endelea," alisema Munevera. "Ulikuwa kwenye ta."

"Zimetoka."

"Nimeona. Endelea."

"Alif," alisema Hidajeta.

"Ta, dada."

"Alif. Ba."

Munevera akaweka kiganja chake juu ya mstari wa mwanzo, akaufunika wote. Hidajeta alikitazama kile kiganja, chenye matundu ya sindano kwenye ncha za vidole. Akajaribu kukisukuma, kikakataa kuondoka.

"Toa mkono."

"Sitoi. Ta."